Nyumba za Mtindo wa Prairie: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtindo wa Prairie ni upi?

Ni mtindo wa nyumba za kuishi uliozaliwa Chicago na vitongoji vyake, katika jimbo la Illinois, mwanzoni mwa karne ya 20, na uliostawi zaidi kati ya mwaka 1900 na 1915 hivi. Umechukua jina la mbuga tambarare za nyasi zilizotanda katikati ya Marekani, kwa sababu wasanifu wake walitaka nyumba ilale juu ya ardhi hiyo badala ya kuchomoza juu yake. Nyumba ya Prairie huwa ndefu na ya chini. Paa lake lina mteremko mdogo na hutokeza mbali nje ya kuta. Madirisha yake yamepangwa kwa mfululizo. Na ndani yake vyumba vikuu vinaingiliana bila kutenganishwa na kuta na milango. Wengi huukumbuka mtindo huu kwa mapaa yake, lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi ni hilo la mwisho, kwa kuwa mpangilio wa vyumba ndio uliobadilisha namna watu wa mataifa mengi walivyoishi katika nyumba zao kwa miaka mia moja iliyofuata.

Kabla yake watu walikuwa wanaishi katika nyumba za namna gani?

Nyumba ya familia yenye uwezo katika Chicago ya miaka ya 1880 ilikuwa ndefu kwenda juu na nyembamba. Ilikuwa na chumba cha chini ya ardhi, ghorofa mbili au tatu, chumba cha darini, minara midogo, mabomba kadhaa ya moshi na mapambo mengi ya mbao yaliyochongwa kwa mashine. Ndani, kila shughuli ilipewa chumba chake chenye kuta nne na mlango: chumba cha kupokea wageni, sebule ya familia, maktaba, chumba cha kulia. Madirisha yalikuwa matundu yaliyotobolewa ukutani, moja hapa na jingine pale, kisha yakafunikwa mapazia mazito. Frank Lloyd Wright, mtu ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na mtindo huu, alilalamika kwamba kuishi humo ni kuishi ndani ya masanduku yaliyotiwa katika sanduku kubwa zaidi, na kazi yake ya miaka ile inaweza kusomwa kama juhudi ya kulivunja sanduku hilo kona baada ya kona.

Kwa nini ulianzia Chicago na si New York au Boston?

Sababu ni kadhaa na zinashikana. Chicago iliteketea kwa moto mkubwa mwaka 1871, na katika miongo miwili iliyofuata ilijengwa upya kwa kasi iliyowavuta wasanifu, mafundi na wenye viwanda kutoka kila upande. Mji ulikuwa na fedha mpya, na wenye fedha hizo hawakubanwa sana na desturi za familia kongwe za pwani ya mashariki. Zaidi ya hayo alikuwepo Louis Sullivan, msanifu wa majengo marefu ya biashara, aliyehubiri kwamba Marekani inapaswa kuwa na usanifu wake yenyewe na kuacha kuazima mahekalu ya Ugiriki na kasri za Ufaransa. Wright alifanya kazi katika ofisi yake tangu mwaka 1888 hadi 1893, wakaachana kwa ugomvi baada ya kubainika kwamba kijana huyo alikuwa akichora nyumba za watu kwa siri nje ya mkataba wake.

Mwaka huohuo wa 1893 yalifanyika Chicago maonyesho makubwa ya dunia, na majengo yake makuu yalikuwa meupe, yenye nguzo za Kirumi. Sullivan aliyachukia. Umma uliyapenda sana, na kwa hiyo wafuasi wa Sullivan walijikuta wakishindana na mkondo wa ladha ya nchi nzima tangu siku ya kwanza. Ni vyema kulikumbuka hili tutakapofika kwenye swali la kwa nini mtindo ulififia mapema.

Kulikuwa pia na Hull House, kituo cha kijamii kilichoasisiwa na Jane Addams mwaka 1889. Hapo ndipo ilipoundwa jumuiya ya Chicago ya sanaa na ufundi wa mikono mwaka 1897, Wright akiwa miongoni mwa waanzilishi. Harakati hiyo ilitoka Uingereza, ambako William Morris na wenzake waliitetea kazi ya mkono dhidi ya kiwanda. Wachicago waliikubali nusu yake. Mwaka 1901 Wright alitoa hotuba hapohapo Hull House akisema kwamba mashine si adui wa msanii, na kwamba ikitumiwa kwa akili inaweza kuukata ubao kwa unyofu na kuudhihirisha uzuri wa mbao kuliko patasi ya fundi anayenakshi maua. Ndiyo maana nyumba hizi zina mistari iliyonyooka na nyuso bapa: zilichorwa kwa ajili ya mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mashine.

Je, ni kazi ya Wright peke yake?

Hapana, ingawa bila yeye pengine tusingekuwa tunauzungumzia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kundi la wasanifu vijana, wakiwemo Robert Spencer, Dwight Perkins na Myron Hunt, walishirikiana ofisi pamoja na Wright kwenye orofa ya juu ya jengo la Steinway Hall katikati ya Chicago, wakibadilishana mawazo kila siku. George Maher alikuwa na njia yake mwenyewe, na nyumba aliyoijenga Oak Park mwaka 1897, iitwayo Pleasant Home, tayari ilikuwa pana na tulivu. William Purcell na George Elmslie, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mchoraji mkuu wa Sullivan, walijenga Minnesota na Wisconsin kazi ambazo kwa ustadi wa mapambo nazilinganisha na za Wright bila kusita.

Mtu anayestahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa ni Marion Mahony. Alihitimu usanifu katika chuo cha MIT mwaka 1894, akiwa mwanamke wa pili kufanya hivyo, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kupewa leseni ya kazi hiyo. Alianza kumfanyia kazi Wright mwaka 1895. Michoro ile maarufu ambamo nyumba inaonekana imezungukwa na majani na matawi yaliyochorwa kwa wino kwa mtindo wa picha za Kijapani, michoro iliyoutangaza mtindo huu duniani, kwa sehemu kubwa ilitoka mkononi mwake. Wright alipoondoka Marekani ghafla mwaka 1909, ni Mahony aliyeshughulikia usanifu wa kazi kadhaa zilizobaki. Mwaka 1911 aliolewa na Walter Burley Griffin, ambaye naye alikuwa ametoka katika ofisi hiyo, na mwaka uliofuata mpango wa Griffin, ulioonyeshwa kwa michoro ya mkewe, ulishinda shindano la kubuni mji mkuu wa Australia, Canberra.

Nitaitambuaje nyumba ya Prairie nikiwa barabarani?

Anza na paa. Mara nyingi lina miteremko minne iliyolala, nalo hutokeza nje ya ukuta kiasi cha kuutia ukuta wote kivuli. Kisha tazama bomba la moshi: huwa moja, pana, fupi, limekaa katikati ya nyumba badala ya kwenye ukuta wa pembeni. Chini kabisa utaona ukanda wa zege au jiwe uliotokeza kidogo, ambao nyumba inaonekana kuukalia. Juu ya ukanda huo kuta hupanda bila kukatizwa hadi usawa wa kizingiti cha madirisha ya ghorofa ya juu, na hapo huanza mfululizo wa madirisha ya bawaba yanayofunguka kwa nje, yaliyobanana chini ya paa mpaka paa lenyewe linaonekana kuelea.

Angalia pia rangi na vifaa. Nyumba nyingi zimepakwa lipu ya rangi ya udongo au ya malai na kuzungushiwa mbao nyeusi zinazokimbia kwa ulalo. Nyingine ni za matofali. Mlango mkuu huenda usiuone. Wasanifu hawa walipenda kuuficha pembeni, ili mgeni azunguke, apite chini ya dari fupi, ageuke mara moja au mbili, ndipo chumba kikuu kimfungukie.

Tahadhari moja: paa pana pekee halitoshi. Zipo nyumba nyingi za miaka ya 1910 zilizobandikwa ukingo mpana wa paa juu ya mpangilio wa kale wa vyumba.

Ndani yake kuna nini cha pekee?

Moyo wa nyumba ni meko ya kuotea moto. Hukaa katikati, na kutoka hapo sebule, chumba cha kulia na mara nyingine maktaba hutawanyika pande tofauti kama mikono ya msalaba. Nyumba ya Ward Willits huko Highland Park, iliyojengwa mwaka 1902, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote wa ramani hii. Kati ya chumba na chumba hakuna ukuta kamili. Kinachotenganisha ni kona ya meko, kabati la kujengewa, au ukanda wa mbao darini unaoshusha kimo. Mtu aliyeketi mezani anaweza kuona sehemu ya sebule bila kuiona yote, na huo ndio ustadi wenyewe, kwa kuwa uwazi usio na mpaka ungekifanya chumba kuwa bwalo.

Chumba cha chini ya ardhi kiliondolewa, kwa hoja kwamba ni penye unyevunyevu na giza, na cha darini kikaondolewa kwa kuwa paa limelala. Samani nyingi zilijengewa ukutani, na zile za kuhamishika zilichorwa na msanifu huyohuyo, pamoja na taa na mazulia. Viti vya kulia vya Wright vina migongo mirefu iliyonyooka, hivi kwamba familia ikiketi mezani viti vyenyewe huunda chumba ndani ya chumba. Mwaloni ulitumika sana, ukapakwa rangi nyepesi ili mistari ya mti ionekane.

Kwa nini nyumba ya Robie inatajwa kila mara?

Kwa sababu ndani ya nyumba hiyo, iliyochorwa na Wright, mawazo yote yalifikishwa mwisho. Frederick Robie alikuwa kijana wa karibu miaka thelathini katika biashara ya baiskeli na mashine, na kiwanja chake kilikuwa chembamba, kwenye kona ya barabara ya Woodlawn, karibu na Chuo Kikuu cha Chicago. Familia ilihamia humo mwaka 1910.

Ukisogea karibu na ukuta wake utaelewa umakini uliotumika. Matofali yake ni ya aina iitwayo ya Kirumi, marefu na membamba, karibu sentimita 30 kwa urefu na 4 tu kwa kimo. Viungo vya ulalo kati ya safu na safu vimejazwa saruji ya rangi iliyofifia na kukwanguliwa ndani, ili kila safu itupe kivuli; viungo vya wima vimejazwa hadi usawa wa tofali kwa saruji ya rangi ya tofali lenyewe, ili visionekane. Jicho halioni tofali mojamoja, bali mistari mirefu inayokimbia toka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine. Fundi aliyefanya hivyo alilazimika kuchanganya saruji mbili na kuzibadilisha kila baada ya tofali moja, kwa nyumba nzima.

Mapaa yanayoning'inia kwenye ncha za mashariki na magharibi yanashikiliwa na boriti za chuma zilizofichwa, na ndiyo maana hayana nguzo pale ambapo jicho linazitarajia. Upande wa kusini ukingo wa paa umepimwa ili jua la kiangazi la saa sita mchana lisiingie ndani, huku lile la majira ya baridi, ambalo hupita chini angani, likaribishwe. Ghorofa kuu ina sebule na chumba cha kulia katika ukumbi mmoja mrefu, katikati yake meko. Na juu ya meko hiyo pameachwa uwazi katikati ya bomba la moshi, ili dari ionekane ikiendelea upande wa pili. Nyumba ina jumla ya madirisha na milango 174 ya vioo vilivyonakshiwa.

Familia ya Robie haikukaa humo hata miaka miwili. Baadaye nyumba ilimilikiwa na seminari ya jirani, iliyopanga kuibomoa mwaka 1941 na tena mwaka 1957. Mara ya pili Wright mwenyewe, akikaribia umri wa miaka 90, alifika mbele ya waandishi wa habari kuitetea. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na majengo mengine saba ya Wright.

Vile vioo vyenye michoro ni mapambo tu?

Vina kazi. Dirisha lenye kioo kitupu lingehitaji pazia ili wapita njia wasione ndani, na pazia lingeufunga ukuta ambao msanifu alitaka kuufungua. Kioo chenye mchoro humruhusu aliye ndani kuona nje, huku kikimzuia aliye nje kuona ndani kwa urahisi. Vipande vya kioo viliunganishwa kwa vipande vyembamba vya zinki au shaba, na michoro ilitokana na mimea ya mbuga iliyogeuzwa kuwa pembetatu na mistari. Katika nyumba ya Susan Lawrence Dana mjini Springfield, Illinois, iliyokamilika mwaka 1904, mmea mmoja wa kienyeji uitwao sumaki unarudi katika dirisha, taa na michoro ya ukutani, kila mara kwa umbo jipya kidogo. Rangi zake ni za majira ya kupukutika kwa majani: dhahabu, kahawia, kijani kilichochakaa.

Ujapani ilichangia nini?

Ilichangia sana. Katika maonyesho ya mwaka 1893 serikali ya Ujapani ilijenga banda la mbao lenye mapaa mapana na kuta za kuteleza, lililotazamwa na kila msanifu wa Chicago. Wright alisafiri kwenda Ujapani mwaka 1905 akifuatana na Ward Willits na mkewe, akarudi na shehena ya picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, ambazo aliendelea kuzikusanya na kuziuza maisha yake yote. Yeye alikiri deni lake kwa picha hizo na kulikana lile la majengo. Anayelinganisha ramani za nyumba zake na lile banda atakuwa na haki ya kulitilia shaka kanusho hilo.

Zilikuwa nyumba za matajiri tu?

Zile maarufu, ndiyo. Nyumba ya Robie pamoja na kiwanja na samani iligharimu karibu dola 58,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Lakini nia ya kuwafikia watu wa kipato cha kati ilikuwepo mapema. Mwaka 1901 jarida la Ladies' Home Journal lilichapisha michoro miwili ya Wright, wa kwanza ukiwa na makadirio ya karibu dola 7,000, na wasomaji waliweza kununua ramani kamili kwa dola 5. Mwaka 1907 jarida hilohilo lilitoa mchoro wake wa nyumba ya zege isiyoshika moto, ya mraba na rahisi, kwa dola 5,000. Wajenzi wa kawaida walichukua ukingo mpana wa paa na safu za madirisha na kuzitia katika nyumba za mraba za vyumba vinne juu na vinne chini, ambazo hadi leo zimejaa katika miji ya katikati ya Marekani.

Inatofautianaje na nyumba ya Craftsman?

Zote mbili zina asili katika harakati za ufundi wa mikono, zote zina mapaa mapana na mbao za asili. Nyumba ya Craftsman, iliyostawi hasa California, huonyesha maungio yake: ncha za boriti zinachungulia chini ya paa la mgongo, na baraza la mbele hukaa juu ya nguzo nene. Ya Prairie huficha boriti na kufunika sehemu ya chini ya ukingo wa paa ili ibaki bapa.

Kwa nini ulififia haraka hivyo?

Wright aliiacha familia na ofisi yake mwaka 1909, akaenda Ulaya na mke wa mteja wake, na kashfa hiyo iliwafukuza wateja wa vitongojini. Griffin na Mahony walihamia Australia. Vita Kuu ya Kwanza ilipunguza ujenzi, na ilipokwisha ladha ya tabaka la kati ilikuwa imerudi kwenye nyumba za kuiga enzi za ukoloni wa Kiingereza, zile zile zilizopewa nguvu na maonyesho ya 1893. Sullivan alikufa maskini mwaka 1924. Mimi naona kulikuwa na sababu nyingine isiyotajwa sana: nyumba ya Prairie ilimtaka mwenye nyumba amwachie msanifu karibu kila uamuzi, hadi kiti cha kukalia, na si familia nyingi zinazoweza kuishi hivyo kwa muda mrefu.

Zina kasoro gani?

Paa lililolala hupitisha maji likitunzwa vibaya, hasa penye theluji. Kingo za mbao zisizo na chuma ndani hulegea na kuinama kadiri miaka inavyopita. Na kivuli kinachofaa mwezi wa Julai huwa giza mwezi wa Desemba. Bi. Isabelle Martin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, aliiona nyumba yake kubwa ya Buffalo, New York, kuwa na giza mno. Miaka ya 1920 Wright alimjengea nyumba ya pili, Graycliff, kando ya ziwa Erie, yenye mwanga tele.

Ulifika nje ya Marekani?

Ulifika kwanza kwa karatasi. Mwaka 1910 na 1911 kampuni ya Wasmuth ya Berlin ilichapisha michoro ya Wright, ikapitishwa mkono kwa mkono katika ofisi za wasanifu vijana wa Ulaya. Uholanzi ndiko ulikokita mizizi: Robert van 't Hoff, aliyekwenda kuziona nyumba hizi kwa macho yake, alijenga karibu na Utrecht nyumba ya zege ambayo uhusiano wake na Chicago hauhitaji maelezo. Huko Puerto Rico, Antonin Nechodoma aliuhamishia mtindo kwenye nchi ya joto, na nyumba ya Roig mjini Humacao, ya mwaka 1920, inaonyesha kwamba ukingo mpana wa paa unafaa katika jua la tropiki labda kuliko katika baridi ya Illinois.

Ninaweza kuziona wapi?

Oak Park, kitongoji cha magharibi mwa Chicago kinachofikika kwa treni, kina nyumba na karakana ya Wright mwenyewe, inayopokea wageni, na majengo yake zaidi ya 20 yamo humo kwa umbali wa kutembea, mengi yakiwa bado makazi ya watu. Nyumba ya Robie iko upande wa kusini wa mji. Nyumba ya Dana inatunzwa na jimbo la Illinois, na ile ya Martin mjini Buffalo imejengewa upya sehemu zake zilizokuwa zimebomolewa. Mjini Minneapolis, nyumba ambayo Purcell aliijengea familia yake mwaka 1913 ni mali ya jumba la sanaa la mji huo. Aliyeko New York anaweza kuingia katika sebule nzima ya nyumba ya Francis Little, iliyookolewa nyumba hiyo ilipobomolewa Minnesota mwaka 1972 na kupachikwa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan. Kwa mtu mwenye nafasi ya safari moja tu, ningemshauri achague Oak Park, kwa kuwa hapo mtaa mmoja una nyumba za Wright za miaka ya 1890 zenye mapaa yaliyosimama wima na, hatua chache mbele, nyumba ya Heurtley ya mwaka 1902, ambayo paa lake limekwisha kulala.